Muuza Sufuria wa Bugene na Mkate wa Unga wa Ndizi

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nimeketi kuandika safu ya jambo jingine kabisa. Binti mkubwa wa muuza sufuria alinipigia simu, akasema kwa sauti iliyotulia kwamba baba yao aliswali Alfajiri, akajilaza kidogo kama ilivyokuwa kawaida yake, na walipokwenda kumwamsha kwa chai hakuamka. Maziko yangekuwa siku hiyohiyo baada ya Adhuhuri. Nilikunja karatasi zangu, nikapanda bodaboda mpaka Bugene, na ilipofika saa tisa tulikuwa tumekwisha kumzika mtu ambaye kwa miaka tisa alinifundisha, bila hata kujua kwamba ananifundisha, maana ya kuuliza. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba huwa sitaji watu majina. Sitaanza leo, ingawa leo ndiyo siku niliyotamani kufanya hivyo kuliko siku nyingine zote. Mliowahi kununua sufuria pale Bugene mtamtambua kabla hamjafika katikati.

Siandiki haya ili tulie pamoja. Nimewazika watu wengi walioondoka huku jambo lao likiwa bado mkononi: nyumba haijaezekwa, ugomvi haujasuluhishwa, shamba limepandwa nusu. Huyu aliondoka akiwa amelimaliza lake, na mimi nilikuwapo siku alipolimaliza. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa, na ni habari ya ushindi.

Alikuwa na duka dogo la vyombo: sufuria, mabeseni, ndoo, vikaango, vijiko vikubwa vya shughuli. Babu na bibi yake walitoka pwani na bidhaa za biashara wakaja kukaa huku Karagwe. Baba yake alizaliwa hapa, yeye mwenyewe alizaliwa hapa, na Kinyambo chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyezaliwa Kihanga. Hata hivyo, mpaka anakufa watu walimwita Mswahili. Pwani aliwahi kufika mara moja tu maishani, kwenye harusi ya ndugu, akarudi analalamika kwamba kule mtu hawezi kulala kwa joto na ndizi zao hazina ladha. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wateja wake wote: hakuuza sufuria kabla hajajua inakwenda kupikia nini.

Ndivyo tulivyofahamiana. Niliingia dukani kwake kutafuta sufuria ya nyumbani kwangu. Nikasema, "Shikamoo mzee, nataka ile pale."

"Marahaba. Unakwenda kupikia nini?"

"Maharage, ndizi, chochote."

"Chochote hakipikwi," akanijibu. "Kwenu mnapikaje njugu mawe?"

Nikamwambia mama yangu huzichemsha. Akataka kujua kama huziloweka kwanza, kwa maji ya moto au ya baridi, kama huweka chumvi mwanzo au mwisho, na kama huzimenya. Sikujua hata moja. Nilikuwa nimekula njugu mawe za mama yangu kwa zaidi ya miaka arobaini. Mzee akachana karatasi kwenye daftari lake, akaandika maswali manne, akanipa. "Sufuria haiendi popote," akasema. "Nenda kamuulize mama, halafu uje." Nikaenda. Mama yangu, ambaye siku zote alikuwa akiniuliza habari za kazi yangu na kunyamaza, siku ile alizungumza mpaka jioni. Nilirudi Bugene na kurasa tatu, nikapata sufuria, na nikajikuta mwanachama wa kundi lake.

Kundi lenyewe lilikuwa la watu kumi na mmoja, likiendeshwa kwenye simu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuta namna watu wa Karagwe na Kyerwa walivyokuwa wakipika zamani. Hakuna aliyelipwa wala aliyetumwa. Kulikuwa na mkunga mstaafu wa Kihanga, mwalimu wa sekondari anayefundisha kemia, mama mmoja mkulima wa Nyakatuntu aliyeunganishwa na mkwe wake na hakuwahi kusema neno, na wengine waliokuja na kwenda. Mke wangu alikuwa akinicheka. "Wanaume wazima," alikuwa akisema, "mnaulizana habari za unga." Na kweli tulikuwa tukiulizana. Mtu anaandika kwamba bibi yake alikuwa akitia majivu kidogo kwenye mboga, mwingine anauliza majivu ya mti gani, na wiki nzima inaisha.

Kwa miaka mingi mzee aliuliza kuhusu vyakula vya wengine. Kisha, mwaka juzi, baada ya mfungo wa Ramadhani, akauliza kuhusu cha kwao. Hakupenda kuandika kwa vidole, kwa hiyo alituma sauti. Bado ninayo, nimeisikiliza tena jana. Anaanza kwa Asalaam aleikum kwa watu wa upande wake na Tumsifu Yesu Kristo kwa watu wa upande wa pili, kama kawaida yake, kisha anasema hivi: "Ndugu zangu, leo ninaomba msaada wenu kwa jambo langu mwenyewe. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akioka mkate wa Idi kwa unga wa ndizi. Mimi nilikuwa mdogo mno, nakumbuka harufu tu. Dada yangu ameula, na sasa hivi ndiye peke yake duniani aliyeula, na umri wake umekwenda. Mama yetu hakuupika kamwe, alisema ni mkate wa shida. Nataka kujua ulivyopikwa kabla dada yangu hajaondoka. Mwenye neno lolote, hata dogo, hata kama hana uhakika nalo, anisaidie. Msione aibu kukosea. Mimi mwenyewe sijui kitu."

Majibu yalikuja mengi, na karibu yote hayakuwa na faida. Mmoja alituma maelezo ya keki ya ndizi mbivu aliyoyatoa kwenye mtandao. Mwingine alisema mkate wa namna hiyo haujawahi kuwapo. Ni mkunga wa Kihanga aliyesema neno la kwanza la maana. Alieleza kwamba zamani, ndizi zikizidi, mama yake alizimenya zikiwa mbichi, akazikata vipande, akavikausha. Hakuvianika juani, maana huku mvua haikuaminika. Aliviweka kwenye uchaga juu ya meko, kwenye moshi, mpaka vikawa makopa magumu ya kuvunja kwa mchi. Unga wake ulikuwa wa kijivu na ulinukia moshi. Mzee alipousikia ujumbe ule alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Moshi," akasema. "Ndiyo ile harufu. Njoo."

Tulianza kupika nyuma ya duka lake. Mkate wa kwanza tuliukanda kama unavyokandwa wa ngano, ukakataa kushikamana, tukaulazimisha, ukaiva. Tukaubeba mpaka Kayanga, kwa dada yake. Dada huyu wakati huo alikuwa amekwisha kuvuka miaka themanini. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kwa maana zote mbili. Aliushika ule mkate, akaugonga kwenye ukingo wa meza, ukalia. Akaurudisha kwenye sahani.

"Dada, hujaonja," mzee akasema.

"Tofali halionjwi." Kisha akauliza, "Mlifanya nini?"

Tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. "Nani kakwambia bibi alikanda? Bibi alimimina."

Kumbe ulikuwa mkate wa kumimina, ule wa pwani unaofanywa kwa mchele, tui na iliki, ukamiminwa kwenye sufuria na kuwekewa makaa chini na juu ya mfuniko. Bibi yao alifika nchi isiyokuwa na mchele wala nazi. Akatazama kilichopo, akaona ndizi na maziwa ya ng'ombe na samli, akaupika mkate wake kwa hivyo. Nikiwa nimesimama pale Kayanga niliona, kwa mara ya kwanza, jinsi mwanamke mmoja mgeni alivyokuwa na akili. Hakusubiri nchi iwe kama kwao.

Mkate wa pili tuliumimina. Tulitia hamira ya dukani, ukaumuka, ukawa laini, nikadhani tumemaliza. Dada yake alikula kipande kidogo, akafuta vidole. "Mzuri," akasema. "Ila si wenyewe. Huu una ladha ya duka. Ule ulikuwa mchachu kidogo huku pembeni," na akajigusa shavu. Tukajaribu maziwa mgando. Sio. Tukajaribu kuuacha uchachuke wenyewe kwa siku mbili, ukanuka. Sio. Tulijaribu mara saba, na kila mara tulimkuta dada yake amekaa pale pale barazani, na kila mara alitukatalia kwa neno moja.

Ndipo mwalimu wa kemia, kwa nia njema kabisa, akaandika kwenye kundi kwamba jambo liko wazi. Pwani wanawake walikuwa wakiumulia mikate kwa tembo la mnazi. Huku hakuna mnazi, kuna rubisi. Basi bibi wa mzee alikuwa akitia pombe ya ndizi. Kundi zima likasubiri kuona mzee atafanya nini. Mzee alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Bibi yake alikumbukwa mpaka leo kwa kuwafundisha watoto wa majirani kusoma Kurani. Siku mbili baadaye neno lilikuwa limefika sokoni, na watu wawili watatu wakaanza kumtania dukani, wakimwuliza kama sufuria zake ni za kupikia rubisi ya Idi.

Nilimshauri aache. Nilimwambia tumefika mbali vya kutosha, tuandike kwamba chachu haijulikani, tumalize. Alikuwa akipanga mabeseni, hakuacha kupanga. "Mwandishi," alipenda kuniita hivyo, "kama bibi yangu alitia pombe, nitaandika kwamba alitia pombe. Siwezi kumsafisha marehemu kwa uongo. Na kama hakutia, siwezi kumsingizia kwa uvivu wa kutafuta. Kwa hiyo bado sijui, na mtu asiyejua anauliza." Akaenda kumwuliza dada yake. Sikuwapo, lakini najua yaliyotokea, kwa sababu dada yake hakuzungumza naye tena kwa wiki tatu. Alikuwa ndiye ndugu yake pekee aliyebaki. Walikuwa wakionana kila Ijumaa tangu walipokuwa vijana. Sasa Ijumaa alikwenda Kayanga, akaambiwa dada yake amepumzika, akaacha sukari na majani ya chai mlangoni, akarudi. Katika siku zile nilimwona amezeeka. Alikiri kwangu jambo moja tu: alikuwa akitafuta mkate ili ampe dada yake furaha ya mwisho, na badala yake amempa tusi.

Msaada ulitoka mahali ambapo hatukuwa tumetazama. Yule mama wa Nyakatuntu ambaye hakuwahi kusema neno alituma sauti. Alikuwa na miaka sitini na kitu, familia yao ilitoka Rwanda zamani wakaja kulima upande wa Kyerwa, na Kiswahili chake alikitafuta neno kwa neno. Alisema, "Samahani mzee, mimi Kiswahili changu ni kidogo, ndiyo maana nanyamaza. Hiyo siyo pombe. Mama yangu alikuwa anaifanya. Ukija nitakuonyesha."

Tuliondoka alfajiri ya siku iliyofuata, mimi na mzee na mkunga wa Kihanga, kwa gari la mpwa wake mkunga. Mama alitupokea kwa shikamoo, mzee akaitikia, akasalimia watu wote wa nyumbani pale mpaka mtoto mchanga, kisha akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa akatoa daftari. Mama alikuwa ameshatayarisha kila kitu. Alikuwa na ndizi mbivu za aina ile ambayo watu huiita ndizi za pombe. Siku hizi hazionekani sana, maana ugonjwa wa mnyauko ulipoingia watu walikata migomba yao mingi, lakini kwake ilibaki mitatu nyuma ya zizi. Alizifikicha ndizi zile kwa majani makavu kwenye beseni mpaka juisi ikatoka, akaichuja, akatia unga wa mtama uliochipuzwa na kukaushwa, ambao ni kimea, akafunika kwa jani. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Tukaambiwa tusubiri.

Tulisubiri tukizungumza habari za mvua na za wajukuu. Ilipokaribia saa sita mama akafunua jani, akamwashiria mzee ainame. "Sikiliza," akasema. Mzee akainamisha sikio juu ya beseni. Niliona uso wake. Juisi ilikuwa imeanza kutoa mapovu madogo, na mapovu yalikuwa na sauti, kama watu wanaonong'ona chumba cha pili.

"Imeamka," mama akasema. "Hapa ndipo unaichukua. Ukiiacha mpaka kesho, ndiyo inakuwa pombe. Lakini mama yangu hakuwapa Waswahili ya kesho. Aliwapa ya leo."

Mzee akainua kichwa polepole. "Waswahili gani, mama?"

"Waliokuwa majirani zetu, kabla hatujahamia huku. Sisi hatukuoka mkate. Sisi tulitoa chachu tu, ya kwenye kibuyu. Mkate walioka wao. Na wao chachu hawakujua kuifanya."

Mkunga alinitazama. Mzee alitoa simu, akapiga Kayanga, na kwa bahati, au kwa kuwa wiki tatu zilimtosha, dada yake akapokea. Aliweka sauti ya wazi ili sote tusikie. Hakumwomba radhi kwanza, wala hakueleza tulipo. Aliuliza tu, "Dada, bibi alikuwa na jirani aliyemletea kitu kwenye kibuyu?"

Sauti ya dada yake ikaja, imepungua, kama ya mtu mdogo zaidi. "Nani kakwambia habari za kibuyu?"

"Kulikuwa na kibuyu?"

"Kila mwaka, siku moja kabla ya Idi. Alikuwa akipita mlango wa nyuma. Bibi alitufukuza tusichungulie, wakakaa wao wawili pale jikoni mpaka Alasiri wanacheka. Mkate wa kwanza ukishuka motoni hatukupewa sisi. Alipewa yule mama, akaondoka nao chini ya khanga." Kisha akaongeza, "Sikuwahi kujua kibuyu kina nini. Nilidhani ni maziwa."

Wasomaji wangu, nimeandika safu kwa miaka mingi na nimeshuhudia mikutano mikubwa na hotuba ndefu. Sijawahi kuona jambo likifunguka mbele yangu kama lile. Mkate ule haukupotea kwa sababu watu walikuwa wazembe. Ulipotea kwa sababu haukuwa wa nyumba moja. Nusu yake ilikuwa kwa wanawake waliotoka pwani na nusu ilikuwa kwa wanawake wa mashambani, na wanawake wale wawili walipokufa, kila familia ilibaki na kipande kisichofaa kitu peke yake. Huku waliachiwa unga na sufuria, kule wakaachiwa kimea na kibuyu. Watoto na wajukuu wao walikua wakipishana sokoni, hawa wakiitwa Waswahili na wale wakiitwa wageni wa Kyerwa, na hakuna aliyejua kwamba amebeba nusu ya chakula cha mwenzake. Mwalimu wa kemia naye hakukosea sana. Alikosea kwa saa chache tu, zile kati ya adhuhuri na kesho yake. Na mzee, ambaye alikataa kuficha na akakataa kusingizia, alipata ukweli ambao ulikuwa mzuri kuliko uongo wowote ambao angeweza kumtungia bibi yake.

Tuliupika Jumamosi iliyofuata, Bugene, nyuma ya duka. Mama wa Nyakatuntu alikuja na ndizi zake, akaanza kufikicha saa kumi na mbili asubuhi. Mkunga alileta makopa yaliyokaa kwenye uchaga wake, tukayatwanga na kuyachekecha. Mzee mwenyewe alitia chachu ilipoamka, akaongeza samli, maziwa na iliki, akaumimina unga kwenye sufuria nzito aliyoichagua dukani kwake baada ya kuzigonga karibu zote kwa kidole. Makaa chini, makaa juu. Hakuna aliyeruhusiwa kufunua. Ulipotoka ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, umepasuka kidogo katikati, na harufu yake ilimfanya mzee asimame na kijiko mkononi kwa muda mrefu bila kukitumia. Dada yake alikuwa ameletwa kutoka Kayanga na kukalishwa kivulini karibu na mama wa Nyakatuntu. Walikuwa wameshikana mikono ingawa walikuwa hawajazungumza zaidi ya salamu.

Mzee alikata kipande cha kwanza. Nilitegemea ampe dada yake. Alimpa mama wa Nyakatuntu, kwa mikono miwili. Kisha ndipo akampa dada yake. Dada akatafuna polepole, akahamishia shavu la pili, akatafuna tena. Tulikuwa watu wanane pale, sote tukimtazama mdomo. Akameza.

"Chumvi imezidi kidogo," akasema, na akanyoosha mkono apewe kipande kingine.

Mzee alitoka nje upande wa barabarani. Nilimfuata baada ya dakika chache nikamkuta ameegemea mlango wa duka lake, analia waziwazi mbele ya wapita njia, na mteja mmoja mwanamke amesimama akimwuliza bei ya ndoo. Hakumjibu bei. Alimwambia, "Mama, pita ndani kwanza ule mkate." Yule mwanamke akaingia. Na aliyepita baada yake akaingia. Mkate haukufika Alasiri.

Baada ya siku ile aliishi mwaka mmoja na miezi michache, na ilikuwa miaka mizuri, kama mwaka mmoja unaweza kuitwa hivyo. Aliandika namna ya kuupika mkate ule kwenye karatasi moja, mbele na nyuma, na chini yake akaandika majina ya kila aliyesaidia, hata aliyetuma keki ya mtandaoni, kwa sababu alisema naye alijibu alipoulizwa. Karatasi hiyo aliitoa nakala, akawa anaitumbukiza ndani ya kila sufuria nzito iliyotoka dukani. Idi iliyopita mkate huo ulipikwa Bugene na Kayanga, na Krismasi ukapikwa Nyakatuntu, ambako sasa nao wanajua kumimina. Mama wa Nyakatuntu amepanda migomba mingine ya aina ile, na ndiye anayezungumza kuliko watu wote kwenye kundi. Anayemfuata kwa maneno ni dada wa marehemu, aliyeunganishwa na binti yake, na ambaye hutuma sauti ndefu za kumkosoa kila mtu kuhusu chumvi.

Nimekuwa nikijiuliza, tangu tulipotoka makaburini, mtu yule alikuwa na kitu gani ambacho sisi wengine hatuna. Hakuwa msomi. Hakujua kupika sana, nawaambia ukweli. Katika nyakati hizi ambapo kila mmoja wetu ana simu yenye majibu ya kila jambo, yeye alikuwa na ujasiri wa kusema hadharani, mbele ya watu wanaomjua, "Mimi sijui kitu, nisaidieni." Tunaona aibu kuuliza kwa sababu tunaogopa kuonekana hatuna kitu. Lakini vingi tunavyotafuta katika wilaya zetu hizi mbili, vya kula na visivyo vya kula, viligawanywa zamani kati ya nyumba ambazo leo hazisalimiani, na kila nyumba inadhani kipande chake ni takataka. Hakuna njia ya kuvikusanya ila mtu mmoja akubali kuanza, apige hodi kwa jirani ambaye hajawahi kumwuliza neno, aketi kwenye kigoda atakachopewa, na asubiri. Atakayefanya hivyo anaweza kukataliwa mara saba. Mara ya nane atakapopewa jibu, atakuta kwamba pamoja nalo amepata jirani.